Bigo bya Mugenyi: mtaro wa kilomita kumi ulichimbwa kumzuia nani?

Kwenye ukingo wa kusini wa mto Katonga, wilayani Sembabule nchini Uganda, kuna mtaro ambao ukipimwa pamoja na matawi yake yote unazidi kilomita 10. Sehemu nyingine umekatwa ndani ya mwamba, na panapokuwa na kina kikubwa unafika kama mita 4. Hakuna ukuta wa mawe wala nguzo iliyobaki, na vigae vya vyungu ni vichache kuliko ukubwa wa mahali unavyoahidi. Kilichopo ni udongo uliohamishwa: mitaro, matuta na vilima vilivyorundikwa, kazi ya karne ya 14 na 15 hivi. Watu wa huko wanapaita Bigo bya Mugenyi, yaani ngome za Mugenyi, mtawala wa masimulizi ya kale, na tangu maofisa wa kikoloni walipoanza kupaandika mwanzoni mwa karne ya 20, karibu kila mwandishi amelichukua neno ngome kama lilivyo.

Uchambuzi huu unaipima ngome hiyo kwa mambo yanayopimika: njia ya mtaro, milango yake, idadi ya watu wa kuulinda, ukubwa wa malisho ya ndani na tarehe. Matokeo yake ni kwamba kama kinga dhidi ya jeshi Bigo ni dhaifu mno. Kama kinga dhidi ya mwizi wa ng'ombe, ni kazi ya akili sana.

Ardhi na mpangilio

Kwanza mto, kwa sababu mtaro hauwezi kueleweka bila mto. Kwenye ramani Katonga huonekana kama uzi unaounganisha Ziwa George na Ziwa Victoria. Ukifika unakuta kinamasi. Ardhi iliyoinuka kando ya Bonde la Ufa ilivuruga mwelekeo wa maji zama za kale, yakagawanyika, mengine yakaelekea magharibi na mengine yakabaki kujivuta kuelekea mashariki katikati ya mafunjo. Mtu mzoefu anaweza kuvuka mafunjo kwa mtumbwi au kwa miguu akipajua mahali. Ng'ombe hawezi, atazama. Kwa hiyo vivuko imara ni vichache, na aliyeshika kivuko alishika njia ya mifugo kati ya kusini na kaskazini mwa mto.

Mtaro wa nje umetumia jambo hilo. Unaanzia kwenye Katonga upande wa mashariki, unazunguka nchi kavu ya kusini kwa mkondo usionyooka, kisha unaishia kwenye kinamasi cha Kakinga upande wa magharibi. Maana yake umeanzia majini na kuishia majini, na waliouchimba hawakupoteza jembe hata moja mahali ambapo kinamasi kilikuwa kinawafanyia kazi. Karibu na mwisho wake wa mashariki kuna tawi linaloendelea mbele zaidi, mpaka kukizingira kivuko cha Katonga kilicho jirani. Tawi hilo ndilo sehemu ya Bigo inayosema mengi kuliko zote, na ndilo linalotajwa kidogo kuliko zote.

Katikati ya eneo kuna kundi la nyua nne zilizoungana, zisizo na umbo la duara wala mraba, kila moja ikiwa na mtaro wake. Mtaro mmoja unaziunganisha na mto. Vilima vinavyohusiana nazo ni vitatu: viwili viko ndani, na kimoja kiko nje kidogo upande wa magharibi.

Tahadhari kwa anayekwenda kupima: si kila kilima kilichopo ni cha mtu. Vichuguu vya mchwa katika nchi ile hufikia ukubwa wa nyumba, na vikishakufa na kuota nyasi hufanana kabisa na kilima kilichorundikwa. Dawa yake ni kutoboa kwa keekee ya udongo. Kichuguu hutoa udongo laini wa aina moja kutoka juu hadi chini, mara nyingi wenye vijitundu. Kilima kilichorundikwa hutoa matabaka: jivu, changarawe, udongo mweusi wa juu uliofunikwa, kigae, mfupa. Muhanga naye huchimba mashimo makubwa ambayo mvua huyaziba baadaye, na shimo la muhanga lililozibwa linaweza kudhaniwa shimo lililochimbwa na watu. Hatari mbaya zaidi ni kwamba hushusha vigae vipya kwenye matabaka ya zamani.

Je, inalindika?

Tuchukue mtaro wa nje peke yake, tuseme kilomita 6 za nchi kavu. Mlinzi mmoja kila mita 5 ni watu 1,200 kwa zamu moja. Zamu mbili ni 2,400, bila wapishi, wachota maji na wachungaji. Na huyo mmoja wa kila mita 5 hana wa kumsaidia mpaka jirani yake akimbie. Hakuna kilichochimbuliwa Bigo kinachoonyesha makazi ya wapiganaji wengi hivyo: uchimbaji wa 1957 uliosimamiwa na mwanaakiolojia Peter Shinnie na ule wa 1960 wa Merrick Posnansky, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, haukukuta mji uliosongamana. Vilivyopatikana ni vyungu vilivyopambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, mifupa mingi zaidi ikiwa ya ng'ombe, na vitu vichache vya chuma.

Halafu kuna milango. Mtaro wa nje una nafasi nyingi za kupitia. Mjenzi wa ngome hupunguza milango, kwa sababu kila mlango ni mahali pa kufia. Mfugaji huiongeza, kwa sababu makundi mawili yakikutana kwenye mlango mmoja asubuhi, ndama hukanyagwa na wachungaji hugombana.

Hoja ya milango ina mtego lakini. Nafasi inayoonekana leo inaweza kuwa mlango wa asili, au njia iliyokanyagwa na ng'ombe wa karne zilizofuata, au mahali ambapo trekta au lori lilivushwa. Kutofautisha ni kazi ya saa chache, si ya msimu mzima: toboa matundu ya keekee kwenye mstari wa katikati ya mtaro, tundu kila mita 1, kuanzia mita 5 kabla ya nafasi hadi mita 5 baada yake. Kama ni mlango wa asili, matundu ya katikati yatagonga udongo wa asili ambao haujawahi kuguswa, karibu kabisa na uso wa ardhi, na ncha za mtaro pande zote mbili zitakuwa zimepinda vizuri kama zilivyoachwa na mchimbaji. Kama ni njia ya baadaye, keekee itaendelea kushuka kwenye udongo wa kujaza hadi kina kile kile cha mtaro wa jirani. Ramani yoyote ya Bigo inayohesabu milango bila kipimo hicho inahesabu mapengo, na pengo si lazima liwe mlango.

Jambo la tatu ni tuta. Mtaro wa vita huambatana na tuta upande wa ndani: udongo unaotoka shimoni hurundikwa mbele ya mlinzi, kimo kinaongezeka, na aliye chini anapanda kina cha shimo pamoja na urefu wa tuta. Udongo ukitupwa nje humpa mshambuliaji kilima cha kusimama. Kwa hiyo kila mita 50 inapasa kuchukua kipimo cha wasifu wa ardhi, kuanzia mita 15 nje hadi mita 15 ndani, na kuandika udongo uko wapi. Tuta kutoonekana si ushahidi kwamba halikuwepo. Mvua za zaidi ya miaka 500 na kwato huliteremsha, nalo huishia kuwa mwinuko wa sentimita 20 ambao jicho halioni saa sita mchana lakini huonekana wazi saa moja asubuhi, jua likiwa limelala na nyasi zimeshachomwa. Picha za angani zinazopigwa mchana kweupe wakati wa masika hazina faida kwa kazi hii, hata kamera iwe ya bei gani.

Udongo kiasi gani, watu wangapi

Kuna waandishi wanaoitazama Bigo na kuona mara moja himaya yenye maelfu ya vibarua. Hesabu haihitaji himaya.

Tukadirie mtaro wenye upana wa mita 5 juu, mita 1 chini, na kina cha mita 3. Eneo la mkato wake ni mita za mraba 9. Kwa kilomita 10 tunapata mita za ujazo 90,000. Mchimbaji mwenye jembe la chuma, akiwa na mwenzake wa kubeba kikapu, kwenye udongo mwekundu wenye changarawe, tumpe mita za ujazo 1.5 kwa kila mtu kwa siku. Kiwango hicho ni cha ukarimu kwa sehemu za mwamba na cha chini kwa sehemu laini. Jumla ni siku 60,000 za kazi za mtu mmoja. Watu 300 wangemaliza kwa siku 200.

Nchi ile ina kiangazi mara mbili kwa mwaka: kimoja kinaangukia Juni hadi Agosti, kingine Desemba hadi Februari. Kiangazi kimoja kikitoa siku 65 za kazi, siku 200 ni viangazi vitatu na siku kadhaa juu yake, kama mwaka mmoja na nusu. Punguza watu hadi 100, na kazi inakwenda miaka mitano. Makadirio haya yanaweza kupanda mara mbili bila kubadilisha jibu. Mtawala wa wastani mwenye wafuasi waliomtegemea kwa ng'ombe wa kukopeshwa na malisho angeweza kuidai kazi hii kama ushuru wa kila kiangazi, kipande kwa kipande, kila ukoo na sehemu yake. Mkondo wa mtaro usionyooka, wenye kubadilika upana na kina ghafla, unafanana na kazi iliyogawanywa hivyo kuliko kazi ya mhandisi mmoja mwenye kamba. Na kama ilikwenda kwa vipande, swali la tarehe linaharibika, kama tutakavyoona.

Tahadhari ya kipimo: kina unachokiona leo si kina kilichochimbwa. Mtaro wenye umbo la V hujaa haraka sana mwanzoni. Msimu wa kwanza wa mvua huangusha kingo zilizo wima, na changarawe huteremka hadi chini. Baadaye kasi hupungua kwa sababu mteremko umeshalala na nyasi zimeshika. Mtaro unaoonekana na kina cha mita 2 unaweza kuwa ulikuwa wa mita 3.5. Anayekadiria ujazo kwa kupima uso wa leo atapata pungufu ya kutisha, na anayekadiria kwa kuchukua kina kikubwa kuliko vyote na kukizidisha kwa urefu wote atapata ziada ya kutisha zaidi. Takwimu nyingi zinazozungushwa kuhusu Bigo zina mojawapo ya makosa hayo mawili.

Ng'ombe

Kama si jeshi, basi zizi. Watafiti kadhaa walishasema kwamba mitaro ya namna hii ilizingira malisho na mashamba, wala si miji. Hoja ina nguvu, ila ikisemwa kwa haraka hukwama kwenye hesabu nyingine.

Tuseme eneo la ndani ya mtaro wa nje ni hekta 400 hadi 500. Katika ukanda ule wa mvua chache, ng'ombe mmoja anahitaji kama hekta 3 za nyasi ili aishi mwaka mzima. Hapo tunapata ng'ombe 130 hadi 170. Kwa mtu wa kawaida huo ni utajiri. Kwa mtawala aliyeweza kuchimbisha kilomita 10 ni aibu. Kwa hiyo Bigo haikuwa shamba la kulishia mifugo yote ya mwenyewe.

Kinachobaki ni matumizi ya kupokezana. Nyasi za ukingo wa kinamasi hubaki kijani wakati mlimani pamekauka, na aliyezifunga kwa mtaro wakati wa mvua anazikuta zipo Agosti. Ndama, ng'ombe wanaokamwa na madume teule hukaa ndani mwaka mzima. Mifugo mingine hutawanyika nje na kurudi kwa zamu, na usiku wa hofu huingizwa yote. Kwa usiku mmoja au wiki moja, hekta 400 zinabeba maelfu.

Sasa tazama wizi unavyofanyika. Kuvamia kwa miguu usiku ni rahisi: watu 30 wanashuka mtaroni, wanapanda upande wa pili, hakuna aliyewaona. Shida ni kurudi. Ng'ombe hashuki kwenye shimo la mita 3 lenye kingo kali, na akisukumwa atavunjika mguu. Lazima wapite kwenye mlango, na mlango ndio sehemu pekee inayohitaji walinzi. Hapo hesabu ya walinzi 1,200 inafutika. Milango 10 yenye walinzi 5 kila mmoja ni watu 50, idadi ambayo hata chifu mdogo angeimudu. Mtaro hauwazuii wezi kuingia, unawazuia kutoka na walichokifuata. Kwa mtazamo huo tawi la mashariki nalo linapata maana: wezi waliofaulu kupita kwenye mlango bado walikuwa na Katonga mbele yao, na kivuko kimo ndani ya mtaro.

Hakuna haja ya kudai kwamba hiyo ndiyo kazi pekee. Nyua za katikati ni jambo jingine kabisa. Posnansky, aliyechimba pia Bweyorere, makao ya kale ya wafalme wa Ankole, aliona kwamba ua wa kati wa Bigo unafanana kimpangilio na orurembo, makao ya mtawala wa Wahima, wafugaji wa Ankole. Ulinganisho huo umelaumiwa kwa kuruka karne kadhaa, na lawama ni ya haki. Lakini kwamba ndani ya mitaro midogo ya katikati aliishi mtu wa heshima kuliko waliokuwa nje, hilo ni gumu kulikataa. Watu hawachimbi mtaro ndani ya mtaro ili kufuga ng'ombe wale wale.

Jirani wa Bigo anasaidia kuthibitisha. Ntusi, mwendo wa nusu siku kwa miguu, ilikuwa makazi makubwa yanayokaribia hekta 100, yaliyokaliwa tangu karne ya 11 hivi hadi karne ya 15. Uchunguzi wa Andrew Reid kuanzia miaka ya 1980 ulikuta vilima vikubwa vya takataka, mifupa ya ng'ombe kwa wingi na mingi ikiwa ya wanyama wachanga, pamoja na dalili za kilimo cha nafaka. Pia kuna bwawa kubwa la kuchimbwa liitwalo Bwogero. Mitaro ya kuzunguka makazi haipo. Watu wengi zaidi, kwa muda mrefu zaidi, bila mtaro. Kama hofu ya vita ndiyo iliyochimbisha mitaro, Ntusi ndiyo iliyopaswa kuwa na ya kwanza.

Kuukata mtaro na kuusoma

Hoja zote hizi zinahitaji mikato halisi ya mtaro, na mkato ukifanywa vibaya huharibu ushahidi usiorudi. Utaratibu unaofaa kwa mtaro wa aina ya Bigo ni huu.

Chagua mahali ambapo tuta bado lipo, mbali na mlango kwa angalau mita 20, ili usikutane na udongo wa kukanyagwa. Weka handaki la uchimbaji lenye upana wa mita 2, likiuvuka mtaro kwa pembe ya mraba, kuanzia mita 3 nje ya mtaro hadi mita 3 nyuma ya tuta. Upana wa mita 1 unavutia kwa sababu ni nafuu, lakini ukifika kina cha mita 3 mtu hawezi kugeuka humo na ukuta ukiporomoka hana pa kukimbilia. Kuanzia mita 1.2 kwenda chini, kata ngazi pande zote. Udongo wa kujaza haushikani kama wa asili, hata kama umekauka na unaonekana kama matofali.

Chimba kwa kufuata matabaka, usifuate vipimo vya sentimita. Chini kabisa utakuta changarawe na mabonge yaliyoanguka msimu wa kwanza. Juu yake udongo mwembamba ulioletwa na maji polepole, mara nyingi wenye mistari. Juu kabisa udongo mweusi wa mizizi na samadi. Kosa linalorudiwa ni kusimama mapema: tabaka la changarawe la chini hufanana sana na udongo wa asili wa changarawe, na mchimbaji aliyechoka husema amefika. Dalili ya kweli ni mpangilio wa vijiwe. Kwenye udongo wa asili vimeshikana na vimelala ovyo. Kwenye udongo ulioanguka vimeinamia katikati ya mtaro na kuna nafasi kati yao. Ukiwa na shaka, shuka sentimita 40 zaidi kwenye kona moja.

Sehemu yenye thamani kuliko zote iko nje ya shimo, chini ya tuta. Siku ya kwanza ya kazi, wachimbaji wa kale walimwaga udongo juu ya nyasi za wakati huo. Uso ule ulifunikwa na umebaki umefungwa: mkaa wake, chavua zake, vigae vyake. Chochote kilichomo ni cha kabla ya mtaro au siku ile ile. Chochote kilichomo kwenye tabaka la chini la shimo ni cha siku ile au baadaye. Mtaro uko kati ya hivyo viwili, na ukivipata vyote kwenye mkato mmoja umeubana pande mbili.

Tarehe, na Wachwezi

Vipimo vya kaboni alivyovichapisha Posnansky viliiweka Bigo kati ya 1350 na 1500 hivi. Kwa miaka ya 1960 hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Ila kipimo cha enzi ile kilikuja na kosa la miaka 70 hadi 100 kila upande. Zaidi ya hapo, mkaa wa jikoni unaonyesha lini moto uliwashwa, hauonyeshi lini jembe liligusa ardhi. Mkaa wa kiini cha mti mkubwa una umri wa mti, na unaweza kuuzeesha moto kwa miaka 100. Uchimbaji wa Peter Robertshaw kwenye mitaro ya Munsa, kaskazini zaidi, uliofanyika 1988, 1994 na 1995, ulifundisha jambo la wazi: watu walikuwa wameshaishi pale muda mrefu kabla ya mitaro kuchimbwa. Kwa hiyo tarehe ya makazi haihamishwi tu kwenda kwenye mtaro, hata kama viko mahali pamoja.

Hapa ndipo Wachwezi wanapoingia. Masimulizi ya ufalme wa Bunyoro yanasema kwamba kabla ya wafalme wa Kibito palikuwa na watawala wa ajabu, Ndahura na Wamara wakiwa mashuhuri zaidi, walioutawala ufalme wa Kitara kisha wakatoweka. Mugenyi ni mmoja wao, na sifa yake kuu ni mapenzi kwa ng'ombe wake Bihogo, ambaye kifo chake kilimtia wazimu wa huzuni. Wasomaji wa Bukoba wanamjua Wamara kama roho mwenye nguvu, na Rwanda na Burundi nazo zina ibada za ukoo huo huo chini ya majina ya Ryangombe na Kiranga. Waandishi wa kikoloni, wakiwa wamelishwa dhana aliyoieneza mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1863 kwamba ustaarabu wa maziwa makuu uliletwa na wavamizi weupe-weupe kutoka kaskazini, waliona mitaro na masimulizi wakasema: ndio hao. Hakuna kigae hata kimoja Bigo kinachohitaji mgeni kutoka mbali. Vyungu ni vya nchi ile ile.

Baadaye wanahistoria walijaribu kuwapa Wachwezi miaka. Walichukua kupatwa kwa jua kunakokumbukwa Biharwe, Ankole, wakati jeshi la Bunyoro lilipotishwa na giza, wakakulinganisha na kupatwa kwa tarehe 17 Aprili 1520. Kutoka hapo wakahesabu vizazi kurudi nyuma, wakafika karne ya 15, na vipimo vya kaboni vya Bigo vikaonekana kukubali. Tatizo ni kwamba upana wa vipimo ulikuwa mkubwa kiasi cha kukubali karibu hesabu yoyote. Masimulizi yalitumika kuupa mtaro mwenyewe, kisha mtaro ukatumika kuthibitisha masimulizi. Bigo, Munsa, Kibengo na mitaro mingine ikaunganishwa kuwa miji ya himaya moja, ingawa mipangilio yake inatofautiana na hakuna kinacholazimisha iwe ilichimbwa wakati mmoja. Watawala kadhaa jirani, wakiibiana ng'ombe na kuigana mitaro, wanatosha kuleta picha ile ile. Kinachovutia ni kwamba masimulizi yenyewe, ukiyaacha yaseme, hayamsifu Mugenyi kwa vita. Yanamsifu kwa ng'ombe.

Kinachouharibu sasa

Bigo iliwekwa kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2007. Adui wake wa kila siku ni kwato, kwa sababu nchi ile ingali ya wafugaji. Njia moja ya ng'ombe inayokatiza tuta huanza kama mstari wa sentimita 30. Mvua mbili tatu huugeuza mfereji, maji ya kilima yanaingia mtaroni kwa nguvu na kuondoa matabaka ya chini, yale yale yenye tarehe. Kuizuia ni kazi nyepesi ikiwahiwa: funga njia kwa matawi ya miiba mita 5 kila upande, jaza mfereji kwa udongo uliotoka hapo hapo na si wa kuletwa, panda nyasi za asili. Udongo wa kuletwa ukiwa na vigae humdanganya mchimbaji wa baadaye. Miti nayo ni ya kukatwa shinani, isiyong'olewa, kwa kuwa mzizi ukitoka hutoka na mita nzima ya tuta. Vichaka vya waabudu wa Wachwezi, wanaoendelea kufika na kuacha sadaka zao, havina budi kuachwa. Sarafu na vigae vipya vinavyoachwa hapo visifagiliwe kuingizwa mtaroni.

Kwa utafiti unaofuata, mkato wa kwanza uwe kwenye tawi la mashariki karibu na kivuko, kwa sababu jibu lake linagawanya hoja vizuri. Sampuli mbili za mkaa wa vijiti vyembamba, si magogo, kutoka uso uliofunikwa na tuta. Mbili nyingine kutoka changarawe ya chini ya mtaro. Na sampuli za mchanga kwa kipimo cha mwanga, kile kinachoonyesha lini chembe zilionwa na jua mara ya mwisho, zichukuliwe kwa bomba la chuma lisilopitisha mwanga, usiku au chini ya turubai nyeusi. Tawi likionekana la wakati mmoja na mtaro wa nje, kivuko kilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo. Likionekana la vizazi viwili baadaye, basi mtaro wa kwanza uliachia mwanya, na wezi waliutumia mpaka mwenye ng'ombe akaamua kuuziba.